Bi. Mwanaheri na Mashine Ambayo Hakuwahi Kuiona

Jumapili tarehe 30 Juni 2024 Bi. Mwanaheri Jafari Abdala anatimiza umri wa miaka sitini, na Shirika letu la Orodha za Wakulima Kusini, SOWAKU, linaagana na mtumishi aliyelitumikia kwa miaka arobaini kasoro siku moja. Siku hiyo moja ameifuatilia kwa Ofisa Utumishi mara tatu, kama anaweza kuja Jumatatu kuimalizia ili hesabu ikae sawa. Ameambiwa haiwezekani, sheria ni sheria. Sisi tuliozoeana naye hatukushangaa, maana huyu ni mtu asiyeweza kulala akijua kuna safu ina pengo.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Tawakali Idd wa Chumba cha Kumbukumbu, niandike wasifu huu kwa kuwa ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote, miaka thelathini na sita. Nimepewa masharti mawili: niwachekeshe watu na nisiwalize. Sharti la kwanza nitajitahidi.

Bi. Mwanaheri alizaliwa Njinjo, wilayani Kilwa, katika familia ya wakulima wa korosho na ufuta. Alipomaliza kidato cha nne alikuja Lindi mjini, akapanga chumba Mtanda, na tarehe 2 Julai 1984 akaajiriwa na Shirika kama mpiga kadi. Vijana wetu wamekuwa wakimwita Mama Kadi bila kujua kadi zenyewe zilikuwaje, kwa hiyo nieleze kidogo.

Zamani hizo Shirika zima lilikuwa na kompyuta moja. Ilikuwa mashine kubwa iliyojaza ukumbi mzima makao makuu, Dar es Salaam. Sisi huku Lindi tulikuwa na mashine mbili tu za kutoboa kadi. Kila mkulima alikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, na matundu yaliyotobolewa ndiyo yaliyokuwa jina lake, kijiji chake na idadi ya mikorosho yake. Kadi zilipangwa kwenye maboksi, zikapanda basi, zikavuka Rufiji kwa pantoni, na baada ya wiki kadhaa tulirudishiwa orodha iliyochapwa. Orodha hiyo ndiyo iliyotumika kugawa salfa ya kupulizia mikorosho. Ambaye hakuwemo kwenye orodha hakupata salfa, na ambaye hakupata salfa aliiangalia mikorosho yake ikiliwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe.

Adui wetu wa kwanza alikuwa unyevu wa pwani. Kadi zilikuwa zikivimba, na kadi iliyovimba ilikwama kwenye mashine na kuzuia zilizo nyuma yake. Bi. Mwanaheri akabuni dawa: vipande vya mkaa vilivyofungwa kwenye kitambaa, vikawekwa ndani ya boksi vinyonye maji. Safari ya kwanza kitambaa kilichanika njiani. Msimamizi wa chumba cha mashine kule Dar es Salaam, Bw. Mikaeli, mtu mchache wa maneno, akaandika pembeni mwa orodha: "Kadi tumepokea. Mkaa hatukuagiza." Bi. Mwanaheri aliibandika karatasi hiyo ukutani juu ya meza yake, na hapo ndipo urafiki ulipoanza.

Mwaka uliofuata alikuta stoo kitabu cha kufundishia kuandika programu za mashine ile ile. Mchwa walikuwa wamekwisha kula sura tatu za mwanzo. Wengine hujifunza kazi kuanzia chini; yeye alianzia ghorofa ya nne, ikambidi ashuke mwenyewe kuutafuta msingi. Yaliyoliwa na mchwa alimuuliza Bw. Mikaeli. Aliandika maswali nyuma ya kadi zilizoharibika, akaziweka juu kabisa kwenye boksi. Kumbukumbu ya mashine ni nini? Inakaa wapi? Umeme ukikatika inakwenda wapi? Majibu yalirudi pembeni mwa orodha, kwa penseli.

Masika barabara ilipofungika, swali moja liliweza kukaa miezi miwili bila jibu. Bi. Mwanaheri akaona atazeeka kabla hajafika sura ya tano. Akaanza kutuma maswali kwa mafungu, na kila fungu lina maelekezo yake: kama jibu la swali la kwanza ni ndiyo, nijibu la pili, kama siyo, ruka uende la nne, ukifika la saba na bado sijaelewa, rudi la tatu. Bw. Mikaeli alimjibu yote saba, na chini akaongeza: "Binti, hii uliyoniandikia tayari ni programu."

Programu yake ya kwanza halisi, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Kobol, ilikuwa na mistari sitini. Aliiandika kwa mkono, akaitoboa mwenyewe, akaipandisha basi. Baada ya siku ishirini na mbili ikarudi na karatasi ya makosa arobaini na moja. Mwenyewe anasema siku hiyo hakula mchana. Kisha akaona maandishi ya penseli: "Usiogope. Kosa ni moja. Umesahau nukta mstari wa nne, mengine yote yamezaliwa na hilo." Toka siku hiyo hajasahau nukta. Hata ujumbe wake wa simu wa kukutakia Idi njema una nukta mwishoni.

Nilipoajiriwa mwaka 1988, mimi kijana wa miaka ishirini na moja niliyejiona mjanja, orodha zote za Lindi na Kilwa zilikuwa zikipangwa kwa programu zilizoandikwa na Bi. Mwanaheri. Alinifundisha kila kitu. Alinifundisha kuandika kwanza kwa karatasi, kumsomea mwenzako kwa sauti, kisha ndipo utoboe. Alinifundisha kuchora mstari wa mshazari wa kalamu juu ya rundo la kadi, ili boksi likianguka na kadi zikachanganyika, mstari ukuonyeshe mpangilio. Mbinu hiyo aliibuni mwenyewe baada ya boksi moja kumwagika kwenye pantoni. Miaka baadaye alikuja kusoma kwamba dunia nzima ilikuwa ikifanya hivyo, akanuna siku mbili.

Lakini mashine yenyewe hakuwahi kuiona. Hilo ndilo lililokuwa likimkaa rohoni. Aliijua kuliko tunavyojua nyumba zetu, akajua inachokipenda na inachokikataa, na hakujua hata rangi yake. Mara nyingine akiwa anatoboa alisimama ghafla akaniuliza kama nadhani ina sauti. Mimi niliyekuwa sijui lolote nilijibu kwamba labda inanguruma. Alimuuliza Bw. Mikaeli mara tatu mashine ikoje, na mara zote tatu alijibiwa maneno mawili: "Njoo uone." Kwenda si jambo la kujiamulia. Makao makuu walikuwa na kozi ya miezi tisa, ndani ya chumba cha mashine, na nafasi za mikoani zilikuwa chache kama mvua ya Agosti.

Mwaka 1990 makao makuu walilalamika kwamba kuna wakulima wanaochukua salfa mara mbili kwa kujiandikisha mara mbili. Bi. Mwanaheri akatakiwa aandike programu ya kuondoa majina yaliyojirudia. Akaiandika vizuri kabisa, kama kitabu kinavyoelekeza: ukikuta watu wawili wenye jina moja, jina la baba moja, jina la babu moja na kijiji kimoja, bakiza mmoja. Mashine ikaondoa majina mia tatu na kumi na saba. Ikaja barua ya pongezi, na ndani ya bahasha hiyo hiyo ikaja nafasi ya kozi. Aripoti Dar es Salaam Jumatatu tarehe 7 Mei. Naikumbuka furaha yake. Alikwenda sokoni akashona magauni mawili, akaninunulia na mimi mkate wa kumimina, nami sikuwa nimefanya lolote.

Orodha mpya ilipofika, aliufungua kwanza ukurasa wa Njinjo, kama mtu yeyote angefanya. Akamtafuta babu yake, Abdala Jafari Abdala. Akamwona. Akamtafuta kaka yake mkubwa, naye ni Abdala Jafari Abdala. Hakumwona.

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa. Mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la babu yake, baba anampa mwanawe jina la baba yake, na majina yanakwenda yakirudi: Abdala akamzaa Jafari, Jafari akamzaa Abdala. Babu na mjukuu wanakuwa na majina yote matatu sawasawa, mashamba yao yanapakana, na wote wawili wako hai. Sisi sote tulilijua hilo tangu tunanyonya. Bi. Mwanaheri alikulia nyumba ambayo kaka yake aliitwa "babu" na bibi yao alimwita "mume wangu". Na bado aliandika alichokiandika, kwa sababu alikuwa anafikiri kama kitabu kilichotungwa na watu wasiokuwa na ndugu wa namna hiyo. Nusu ya waliofutwa hawakuwa wadanganyifu. Walikuwa wajukuu.

Hapo zilikuwa zimebaki siku tisa aondoke. Mkuu wetu wa ofisi wakati huo alimshauri aende zake, orodha itasahihishwa mwakani. Bi. Mwanaheri akasema mkorosho hausubiri mwakani. Ukikosa salfa mwezi wa sita, msimu umekwenda. Akasema pia kwamba hakuna mwingine Lindi anayeweza kuigusa programu ile, na hilo lilikuwa kweli, kwani mimi nilikuwa bado nasahau nukta. Akaandika kuomba nafasi yake isogezwe. Simu ya upepo ikajibu kwamba nafasi haisogezwi. Kama yeye haji, aletwe mwingine. Mwingine alikuwa mmoja tu.

Niseme wazi kwamba nilifurahi. Nilifunga sanduku langu jioni ile ile. Alinisindikiza stendi, akanipa boksi la kadi nilibebe mapajani, akaniambia nisiliweke chini.

Alichokifanya wiki saba zilizofuata nilikuja kusimuliwa na watu wa vijijini. Kuanzia Mtama hadi Njinjo, kwa baiskeli ya Shirika na kwa malori ya watu, alifika mlango kwa mlango kwa wote mia tatu na kumi na saba. Njinjo alianzia kwao. Akamwamkia babu yake, akaitikiwa marahaba, kisha mzee akamuuliza: "Nasikia mjukuu wangu mmemfuta. Nani kamfuta?" Akajibu, "Mimi, babu." Mzee akacheka mpaka kikohozi kikampanda, akasema, "Basi kama ni wewe, mrudishe wewe." Bibi naye akadakia kutoka jikoni: "Mume wangu kijana ndiyo mkamfuta, mkaniachia huyu mzee? Mngeniuliza kwanza!"

Dawa aliipata hapo hapo, kwenye utani huo. Babu na mjukuu wanaweza kulingana majina yote, lakini hawakuzaliwa na mama mmoja. Upande wa kulia wa kila kadi kulikuwa na safu ishirini tupu ambazo hazikuwahi kutumika. Akazijaza jina la mama. Haikuwa rahisi, wazee wengine waliona haya kumtajia binti wa ofisini jina la mama zao, wengine walilia kwa kulitaja, maana lilikuwa halijatamkwa miaka mingi. Akayakusanya yote, akarudi Lindi, akatoboa peke yake usiku na mchana, akabadilisha programu, akatuma. Salfa ya mwaka ule ilimkuta kila mtu kwenye orodha. Hadi leo fomu yetu ya usajili ina nafasi ya jina la mama, na wageni wakiuliza kwa nini, tunawaelekeza kwa Bi. Mwanaheri.

Nafasi nyingine ya kozi haikuja. Mwaka 1993 mashine ilizimwa, ikauzwa kwa kilo. Mwaka 1995 Shirika lilitupeleka wote wawili Dar es Salaam, wiki mbili, kujifunza kompyuta za mezani. Siku ya kwanza, kabla hajanywa hata chai, aliomba aonyeshwe chumba. Kilikuwa kimegeuzwa stoo ya viti vibovu. Alisimama mlangoni. Sakafuni zilikuwa zimebaki alama za miguu ya mashine. Akaniuliza, "Ilikaa hapa?" Nikamwambia, hapo. Akatikisa kichwa, tukaenda darasani. Bw. Mikaeli alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao Masasi, ambako alifariki mwaka 2006. Hawakuwahi kuonana.

Yaliyofuata mnayajua. Aliuhamisha usajili wote kutoka kadi kwenda kompyuta bila kupoteza jina hata moja. Alipandishwa hadi Mkuu wa Kumbukumbu. Amefundisha vijana ishirini na sita kuandika programu, na wote amewaanzisha kwa karatasi na penseli, wakinung'unika kwamba Mama Kadi anawazingua. Nasma wa dawati la takwimu alifanya mgomo wa siku moja. Leo yeye ndiye anayewanyang'anya wengine kibodi. Kila mmoja wao ameambiwa sentensi ile ile: mashine haina haya, itafanya ulichosema, siyo ulichotaka.

Kwa niaba ya Menejimenti na wafanyakazi wote, ahsante Bi. Mwanaheri. Ahsante kwa subira yako, na kwa ukali wako ambao tutauulizia kuanzia Jumatatu asubuhi. Unakwenda Njinjo kwenye mikorosho ya marehemu baba yako. Mungu akupe afya ya kuifaidi, na wajukuu wakuletee maji ya kunawa.

Lililobaki ni langu mwenyewe, na namwomba Mwenyekiti wa Kamati asilikate.

Dada Mwanaheri, niliporudi kutoka kozi, mwezi wa Februari 1991, uliniuliza mashine ilikuwaje. Ulikuwa umeacha kutoboa, umenigeukia na kiti. Nikakujibu kwamba ni kawaida tu, kabati za bati na feni, hukupitwa na kitu. Ukasema haya, ukarudi kwenye kazi, na hukuniuliza tena. Nilidhani nakuonea huruma. Baadaye nilielewa kwamba nilikuwa najionea huruma mimi, kwa aibu ya kukaa kwenye kiti chako. Miaka thelathini na mitatu nimeuacha uongo huo mezani kwako. Leo nausahihisha.

Ilikuwa ya rangi ya maziwa, na milango ya buluu. Tulivua viatu kabla ya kuingia, kama msikitini, na ndani kulikuwa na baridi mpaka nikavaa koti la watu. Ina sauti. Haikunguruma kama nilivyokuambia. Ilivuma, sauti moja ya chini isiyokoma, ukiweka kiganja kwenye meza unaisikia. Tepu zilikuwa zikizunguka, zinasita, zinarudi nyuma kidogo, zinaendelea, kama mtu anayefikiri. Nilipoingia mara ya kwanza Bw. Mikaeli alitazama nyuma yangu mlangoni akauliza, "Na mwanafunzi wangu?"

Boksi lako la majina ya mama lilifika mwezi wa Juni. Chumba kile kilikuwa na desturi: programu ikiendeshwa kwa mara ya kwanza, kitufe cha kuanzia anabonyeza aliyeiandika, hata kama mkurugenzi yupo. Bw. Mikaeli alizipanga kadi zako kwa mikono yake, akawaita wote waliokuwepo, tukawa watu saba tumesimama na soksi. Akasema mwenye kazi yuko Lindi, hakuweza kuja kwa sababu ya watu wake. Kisha akanitazama mimi, akasema nibonyeze kwa niaba yake.

Nilibonyeza, dada. Kadi zikaanza kuingia, hakuna iliyokwama, hakuna kosa hata moja. Printa ikaamka kwa kishindo, na watu wote saba tukasogea kusoma. Ulipotoka ukurasa wa Njinjo, Bw. Mikaeli aliinama akawaona Abdala Jafari Abdala wawili wamefuatana, kila mmoja na mama yake. Akapiga makofi, peke yake kwanza, halafu wote. Makofi yale yalikuwa yako, nami niliyapokea nikayaficha.

Ilikuwa nzuri, dada. Ilikuwa nzuri mno, na wewe ndiye uliyestahili kuwapo. Nisamehe, uende salama, uishi vyema.